Helikopta Iliyonizidi Umri

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: nikikubali kufunzwa ufundi wa helikopta ndogo za jeshi, je, nitakuwa nimejifunga kwa mashine inayokaribia kutupwa? Nilikuwa nimemaliza shahada ya uhandisi, na jeshi lilitaka jibu langu kufikia Ijumaa. Muundo wa helikopta hizo ulichorwa kabla mama yangu hajazaliwa. Nilisoma kila nilichopata kuzihusu, nikazidi kuchanganyikiwa.

Dada yangu, ninayeishi naye mtaa wa Kondele, Kisumu, alichoka nami.

"Wewe hata kufuli ya mlango unaikagua mara tatu! Siku ya harusi bibi atangoja kanisani ukikagua pete. Enda uone hiyo kitu na macho yako, bwana."

Jumatano helikopta mbili za aina hiyo zilikuwa hapo Kisumu kwa maonyesho, na watu waliruhusiwa kusogea mpaka kwenye kamba. Fundi mmoja, mwanamke aliyevaa ovaroli, alikuwa akijibu maswali.

"Samahani, afande. Hii si ya zamani sana?"

"Ya zamani ni wapi? Nionyeshe."

Nikaonyesha pua yake, ya mviringo kama yai.

"Hiyo tumeiacha vile ilivyo kwa sababu inafanya kazi. Ni nyepesi, inatua hata uwanja wa shule. Lakini angalia juu. Za kwanza zilikuwa na panga nne za kuzunguka, hii ina tano. Injini si ile ya mwanzo, ina nguvu zaidi. Ndani palikuwa na vipimo vya mishale tu, leo ni skrini."

Wakati huo mwenzake, mzee kumliko, alimaliza kukaza nati karibu na mkia. Hakufunga kifuniko. Alisogea kando akangoja. Fundi wangu akaenda, akapitisha spana kwenye nati zote, moja baada ya nyingine, ndipo kifuniko kikafungwa.

"Humwamini?" nikauliza aliporudi.

"Huyo ndiye alinifunza! Lakini hapa aliyekaza hajikagui." Akaokota kipande cha chuma kilichong'aa kama kipya. "Na hiki tumekitoa leo."

"Kimeharibika?"

"Bado. Saa zake za kuruka zimeisha. Unataka tungoje kiharibikie juu ya ziwa?"

Nilicheka kwa sauti. Miaka yote hiyo mashine ile haikuwa imesahauliwa. Ilikuwa imehangaikiwa, kipande kwa kipande, na watu wanaolipwa kuwa na wasiwasi kama wangu. Na hao waliojua kuibadilisha hawakuwa wamebaki nyuma, walikuwa wamebadilika nayo.

Sikungoja Ijumaa. Nilisimama kando ya kamba, nikapiga simu ofisi ya jeshi iliyongoja jibu langu, nikasema nimekubali.

"Una swali lolote?" afisa akauliza.

Nilikuwa nayo tele. Nikauliza moja tu: niripoti lini?