Mate ya Baraka Kwenye Kitambaa Cheupe

Wanjira aliamini sinema, na kuamini huko ndiko kulikomtoa mwanawe msituni.

Usimcheke. Hata wewe ungeamini.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, huko karibu na Runyenjes. Watu walifungiwa kwenye kijiji cha lazima, handaki pande zote, homgadi, mlinzi wa serikali, langoni na bunduki.

Mwanawe wa pekee, Njuki, alikuwa msituni na wapiganaji. Baridi ya mlima ilikuwa imemwingia kifuani na sasa alikohoa damu. Kila Wanjira alipopewa ruhusa ya kwenda kulima, alimfichia viazi vitamu shambani. Alijua viazi haviponyi kifua.

Jioni moja gari la sinema la serikali likaja. Kitambaa cheupe kikatundikwa, watu wakaamriwa wakae chini watazame.

Pale hakuna aliyewahi kuona sinema.

Kwenye kitambaa, kijana anatoka msituni, njaa imemkausha. Mamake anamshika mikono, anamtemea mate kifuani, ile baraka kamili ya mzazi. Kisha anafungua mlango, na askari aliowaita mwenyewe wanaingia. Mama analia mpaka kamasi zinamtoka.

Mwishoni kijana anapewa blanketi na chai, anarudishwa nyumbani.

Watu walinuna.

"Mama gani huyu?" jirani yake Wambeti akanong'ona. "Anabariki mtoto ndio amuuze?"

"Lakini alirudi," Wanjira akasema.

"Huo ni mchezo tu, mama Njuki."

"Mchezo ni maneno. Si uliona mate? Mzazi akitema baraka ya uongo, hiyo laana inamrudia yeye mwenyewe. Nani anaweza jaribu?"

Hata Wambeti hakuwahi kusikia mzazi akifanya mzaha na mate.

Kesho yake Wanjira akamngoja Njuki shambani, kwenye migomba.

"Toka tu, mwanangu. Watakutibu."

"Maitu, mama yangu, hawa watu wataniua."

Wanjira akamtemea mate kifuani. Njuki hakubisha tena, maana mtoto aliyelelewa vizuri habishani na baraka. Alivunja tawi la majani mabichi, alama ya kujisalimisha, akainua mikono, wakatembea pamoja hadi langoni.

Blanketi hakuliona. Walimtupa kwenye lori, na habari iliyofika baadaye ilikuwa ya kitanzi.

Wanjira aliacha kula. Aliacha hata kuoga.

Gari la sinema liliporudi, mama mmoja alikuwa ameketi kando ya dereva. Alikuwa yule yule wa kwenye kitambaa, jina lake Ciakuthii, ameletwa asalimie watu.

Wanjira akamkwida nguo.

"Ulitema mate ya uongo. Mtoto wangu wamemnyonga."

Ciakuthii hakujitetea.

"Hiyo mate ilikuwa ya ukweli," akasema polepole. "Lakini haikuwa ya yule kijana. Nilikuwa nabariki wangu. Wamemfungia kizuizini. Waliniambia nikicheza vizuri, atarudi nyumbani."

Wanjira akaachia nguo.

"Na ulicheza vizuri."

"Vizuri sana. Sasa wanataka nicheze ingine."

Wakashikana mikono hapo, wanalia, homgadi akiwapigia kelele waachane.

Basi ndugu zangu, ukiona machozi ya kweli, usikimbilie kuamini hadithi inayosimuliwa nayo. Uliza kwanza ni nani amemshikilia mtoto wa huyo anayelia.