Redio ya Gari Iliyomjua Mke Wangu

Tulikwenda Msimbati kumtoa binti yetu Fatu unyagoni. Kwetu, siku ya mwali kutoka mwenye shughuli ni mama. Baba analeta nguo mpya na hauliziulizi. Gari lilikuwa la Deo, mwalimu mwenzangu kutoka Mbeya, aliyejitolea kutupeleka.

Saa mbili asubuhi, nyumbani kwetu Rahaleo. Deo aliwasha gari. Kabla hajagusa kitu kingine, redio ikashika simu ya mke wangu Somoe iliyokuwa mkobani mwake, na taarabu anayoisikiliza akiosha vyombo ikaanza kuimba. Somoe akaizima haraka. Mimi si mshamba wa bluetooth: redio haiungani na simu mpaka mtu akae humo garini aikubali. Basi mke wangu alishakaa humu, na mimi sikuambiwa.

Njiani, Mtawanya tuliipita sijaiona. Nilikuwa nakitazama kisogo cha Deo, kimenyolewa vizuri, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni kijana kuliko mimi. Hata marashi yake yalinichefua. Ulikuwa wivu, na sikuupa jina jingine.

Tuliposimama Madimba, Somoe alishuka kununua mihogo ya kuchoma. Nikamuuliza Deo mke wangu alipanda lini gari lake.

"Muulize mwenyewe, kaka. Mimi nimekatazwa kusema."

Amekatazwa! Aliposhuka kutazama tairi, niliinama mbele, nikafungua orodha ya simu kwenye redio na kulifuta jina la Somoe. Nilijiona nimeshinda.

Msimbati tulifika saa nne. Mama mkwe alitupokea kwa vigelegele.

"Karibu, mkwe wangu. Gari hili tunalijua. Mke wa Deo kamleta Somoe mara mbili, wanajaribu nyimbo za mwali."

Nilitamani mchanga unimeze. Siku hizi mwali huzungushwa kijijini kwa gari, nyimbo alizochagua mama yake zikipigwa, na baba hatakiwi kuzijua kabla. Fatu akatolewa, kafunikwa kanga, akaingizwa garini. Wanawake wakalizunguka. Somoe akabonyeza simu. Kimya. Akabonyeza tena.

"Nani kaifuta simu yangu?"

Deo alinitazama.

"Mimi," nilisema, mbele ya wakwe wote.

Hakuna aliyeuliza sababu. Shangazi mmoja akaanza kupiga makofi, "Baba mwali ana wivu!" na wenzake wakaitikia, wakaimba hivyo mpaka simu ikakubaliwa upya. Chini ya kanga mabega ya Fatu yalikuwa yakitikisika. Sijui alicheka au alilia.

Alasiri tukarudi. Nilimwomba radhi Deo, akasema, "Yameisha, kaka." Nikamgeukia Somoe.

"Nisamehe, mama Fatu. Si umesharudi kwenye redio?"

"Kwenye redio nimerudi," alisema, akitazama mikorosho. "Ungeniuliza tu, baba Fatu. Hata kama nisingekujibu, ungeniuliza."

Nilichojifunza ni hiki: redio humkubali mtu upya kwa kubonyeza mara moja. Somoe hana kitufe hicho. Mpaka leo chai yangu naipika mwenyewe.