Miti ya Brandvold juu ya Barafu ya Ziwa Kuikka

Hakuwa na ofisi. Hakuwa na kompyuta, wala cheti cha chuo, wala kadi yenye jina lake. Hakuwa na gari la kupanda kilima cha Halvari theluji ikianguka. Hakuwa na mume. Alikuwa amemzika miaka miwili kabla. Hakuwa na mtu wa kumfundisha kazi, kwa sababu kazi yenyewe haikuwa na jina. Na tangu Januari iliyopita, Lempi Ruohonen, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, hana tena kitu ambacho zamani alikuwa nacho tele: subira.

Saa mbili asubuhi jua halijapanda juu ya misonobari. Lempi amepiga magoti katika chumba cha kukaushia nguo cha nyumba ya wageni ya Orville Saari, maili arobaini kutoka Halvari. Amevua glavu yake ya kushoto, ameiloweka kwenye sinki, ameikamua na kuitundika juu ya hita. Sasa anatazama saa.

"Leo dakika ngapi?" Orville anauliza mlangoni, kikombe mkononi.

"Mwaka jana zilikuwa hamsini. Nataka kuona."

"Hita ni ileile, Lempi."

"Hita ileile na mvivu yuleyule. Umefagia vumbi nyuma yake?"

Orville, mzee wa miaka sabini na miwili, anacheka peke yake na kwenda kutafuta ufagio.

Lempi ameajiriwa katika duka linalokodisha pikipiki za theluji mjini Halvari. Analipwa dola kumi na saba kwa saa, kuanzia Desemba hadi Machi. Miezi mingine huosha vyombo katika nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yake dukani ni moja tu. Kundi la watu likipiga simu na kusema linataka siku tano za kuendesha, yeye ndiye anayechagua watalala wapi kila usiku.

"Watu wanadhani cha kwanza ni kitanda," anasema. "Kitanda ni cha tano."

Cha kwanza kwake ni njia: mashine inafikaje mlangoni? Cha pili ni petroli. Cha tatu ni mahali pa kukaushia nguo. Cha nne ni jiko, kama bado lina moto wageni wanapoingia wamechelewa. Mambo hayo manne yakikamilika, ndipo anapobonyeza godoro.

"Mtu aliyekaa juu ya mashine maili mia moja na ishirini atalala hata juu ya magunia. Lakini asubuhi ukimvisha glavu mbichi kwenye baridi ya huku, umemkata vidole wewe mwenyewe."

Anaposema neno vidole, sauti inabadilika. Orville anaacha kufagia.

"Umesikia Brandvold amerudi kwenye ramani?" anauliza taratibu.

"Sikusikia. Nimesoma."

Anatoa karatasi mfukoni na kuikunjua sakafuni. Ni nakala ya ramani mpya ya njia za majira haya ya baridi, ambayo klabu ya waendeshaji itaipeleka kwa mchapaji wiki ijayo. Kando ya Ziwa Kuikka pamechorwa alama ya kitanda. Mstari wa buluu unakatiza ziwa na kwenda moja kwa moja hadi mlangoni pa hoteli ya Curt Brandvold.

"Mlangoni kabisa!" Lempi anagonga karatasi kwa kidole. "Mstari huu una vidole vinne vya mtu ndani yake. Nao wameupaka rangi."

Ili hasira hiyo ieleweke, ni lazima kuielewa miti.

Kila Januari, sikukuu zikishapita, wanaklabu huzunguka mitaani kukusanya miti ya Krismasi iliyotupwa. Huirundika nyuma ya kituo cha zimamoto. Barafu ikikomaa hutoka na keekee, hutoboa ziwa kila hatua mia moja na kupima unene. Panapofaa, husimamisha mti katika tundu lilelile, humwaga maji, na maji huganda yakaushika. Mti juu ya barafu una maana moja: hapa mtu ametoboa, amepima, pita.

Upepo ukipeperusha theluji na ukawa huoni hata pua ya mashine yako, unakwenda mti hadi mti. Hakuna mtu wa huku anayeuliza nani ameupanda.

Brandvold alinunua hoteli yake miaka minne iliyopita akitokea kusini mwa jimbo. Ni hoteli nzuri, Lempi mwenyewe anakiri: vitanda arobaini, chumba cha kukaushia kikubwa kama gereji, supu ya moto mpaka saa tano usiku. Dosari yake ni ziwa. Njia kuu inapita ng'ambo ya pili, na kulizunguka ni maili kumi na nne. Mwaka wa baridi kali klabu hupanda miti na wageni hukatiza. Mwaka wa baridi nyepesi haipandi, kwa sababu pale mto unapoingia ziwani maji hukimbia chini na barafu hubaki nyembamba.

Desemba ya mwaka jana Lempi alikwenda hotelini kwa barabara, kwa kuwa ziwa lilikuwa bado maji. Alilala usiku mmoja. Alikausha glavu yake kwa dakika thelathini na moja. Kilichobaki kilikuwa njia.

Tarehe tisa Januari alimpigia Brandvold simu.

"Nilimuuliza, miti ipo? Akasema, ipo Bi Lempi, imepandwa jana, leta watu wako. Nikaandika kwenye daftari. Nikakata simu, nikaenda kununua mkate."

 Anaigeuza glavu juu ya hita.

"Njia ya kwenda dukani inapita nyuma ya kituo cha zimamoto. Miti yote ya Halvari ilikuwa pale, mrundo mrefu kuliko mimi. Haujatoka hata mmoja. Niliupita mrundo ule nikienda, nikaupita nikirudi, na mkate kwapani. Sikujiuliza ya Brandvold imetoka wapi."

Siku nane baadaye watu wanane aliowatuma walifika kwenye ukingo wa ziwa, saa nane mchana, upepo ukivuma. Aliyetangulia alikuwa Gordon Vesterlund, kinyozi mwenye umri wa miaka sitini na minne. Aliiona miti, akaifuata. Kwenye mti wa kumi na mbili barafu ilifunguka.

Wenzake walilala kifudifudi na kumrushia kamba. Aliishika kwa mkono wa kulia na hakuiachia kwa dakika tisa. Mkono huo umebaki na dole gumba peke yake.

"Mke wangu hunicheka kwa kuhesabu kila kitu," Vesterlund anasema kwa simu kutoka kwake. "Ngazi, vijiko, wateja. Basi nilihesabu na miti. Kumi na moja mizuri kabisa, bwana. Imenyooka kama ya klabu." Duka lake la kunyolea lilifungwa mwezi Mei, baada ya miaka thelathini na minane. "Mwambieni huyo Brandvold aje nimnyoe. Nitamnyoa kwa mkono wa kushoto, bila kumtoza."

Kingo za tundu alimozama zilipopimwa, barafu penye mti wa kumi na mbili ilikuwa na inchi mbili. Hakuna keekee iliyopita pale. Mti ulikuwa umeshindiliwa kwenye kichuguu cha theluji na kumwagiwa maji.

Uchunguzi ulichukua wiki mbili na kuzaa ukurasa mmoja. Ukurasa huo unasema barafu haina dhamana, mwendeshaji hupita kwa hiari yake, na aliyepanda miti hakujulikana. Klabu ilisema si yake. Brandvold alisema aliamka asubuhi moja akaikuta, akadhani ni ya klabu. Hapo jambo likafungwa, kana kwamba miti ile yote ilitembea yenyewe usiku na kujisimamisha mstari mmoja hadi kwenye kaunta ya baa yake.

Alipoulizwa kwa simu kuhusu habari hii, Brandvold hakukasirika. "Mama yule ana chuki na mimi," alisema. "Hoteli hii inalisha familia kumi na tisa. Mti hauna jina la mtu. Na wenye mashine wana macho, au siyo?"

Lempi alisomewa maneno hayo. 

"Walikuwa na macho. Walichokiona ni mti."

Hakuna mchunguzi aliyemuuliza Lempi. Waliwauliza wanaume wenye keekee. Mwanamke anayebonyeza magodoro hakumjia mtu akilini, ingawa yeye ndiye pekee aliyeambiwa na Brandvold kwa mdomo wake kwamba miti imepandwa jana, siku ambayo klabu haikuwa imetoa hata mti mmoja. Naye hakujitokeza. Kusema hivyo kungekuwa pia kusema: niliambiwa, sikuthibitisha na klabu, nikatuma watu.

"Miezi kumi na moja nimenyamaza," anasema. "Nilimtukana Brandvold jikoni kwangu kila siku. Kumtukana ni rahisi. Huhitaji kujitaja."

Ramani ilipotokea, alikwenda kwa mwajiri wake, Wade Kangas, kumwambia kwamba atasema. Kijana anayeosha mashine pale dukani alisikia kila neno, na Wade mwenyewe hakanushi.

"Lempi, vitanda arobaini!" Wade alisema. "Wale wa Februari nitawalaza wapi, kwenye kochi lako?"

"Kochi langu halijamzamisha mtu."

"Sikiliza, dada yangu. Ukiandika jina lake unaandika na la duka. Sisi ndio tuliotuma watu. Watu wa bima wakisoma hiyo barua?"

"Wasome."

"Wakitufutia, hakuna duka. Hakuna duka, hakuna wewe."

"Na nikikaa kimya, Januari wewe utakwenda kusimama pale ukingoni uwaambie watu wasiifuate miti?"

 Wade alimwambia afikiri mpaka Jumatatu, na kwamba barua ikitoka asirudi dukani. Leo ni Ijumaa.

Glavu imekauka. Lempi anaivaa, anaufunga na kuufungua mkono, anaandika dakika arobaini na nne kwenye daftari. Kisha anashuka kwenye kibanda cha petroli cha Orville, anapima akiba kwa kijiti, anarudi jikoni na kuuliza nani atapika Februari. Anajibonyezea godoro katika vyumba vyote tisa. Anakubali nyumba hii, ila kwa sharti: atarudi na mashine yake barafu ikikomaa, na keekee yake mwenyewe begani, apite kila hatua kabla ya mgeni. Mwaka huu ameinunua kwa dola mia mbili na sitini.

"Hata hapa kwangu?" Orville ananung'unika. "Sisi hatuna ziwa, tuna kijito cha kuruka kwa mguu."

"Nitakitoboa hichohicho."

Halafu anaomba karatasi.

Anaandika mezani jikoni, kati ya mkate na chombo cha siagi, barua kwa ofisi ya jimbo inayosimamia njia za theluji. Ofisi hiyo inaweza kuizuia ramani isichapwe iwapo itapata ushahidi ulioandikwa na kutiwa saini. Anaandika kwa herufi kubwa, polepole. Orville anasoma akiwa amesimama nyuma yake, jambo ambalo angefukuzwa kwalo siku nyingine yoyote.

"Umeanza na wewe," anasema.

"Ndivyo ilivyoanza. Mimi ndiye niliyepiga simu."

"Watasema mimi nimekutuma, nipate wageni wake."

"Una vitanda tisa, Orville. Hata ungemwiba mgeni wake, ungemlaza bafuni."

Barua ina kurasa mbili. Ya kwanza inaeleza alichoulizwa Brandvold, alichojibu, na mrundo uliokuwa nyuma ya kituo cha zimamoto. Ya pili ni ombi: kila mti unaosimamishwa juu ya barafu uwe na kibati chenye jina la aliyepima, tarehe na unene, na kusimamisha mti usio na kibati kuwe kosa la kumpeleka mtu kortini. Lempi anasema akifukuzwa dukani ataendelea kuosha vyombo vya wazee, na siku ambazo hana zamu atawasaidia wanaklabu kutoboa ziwa, wakimtaka wasimtake.

Anachana ukurasa wa tarehe tisa Januari kutoka kwenye daftari lake. Unachanika vibaya, kona moja inabaki kwenye uzi. Anaichomoa hiyo kona nayo, anaitia pamoja na ukurasa.

Posta iko hatua mia mbili kutoka kwa Orville. Karani, Arlene Pyykkö, anaitazama anwani, kisha anamtazama Lempi.

"Ya kawaida, au ya kusainiwa?"

"Ya kusainiwa. Asije mtu akaniambia haikufika."

Analamba gundi ya bahasha, anaibandika, anaipiga ngumi mbili juu ya kaunta. Arlene anagonga mhuri na kuitumbukiza kwenye gunia.

"Gari la barua linaondoka saa ngapi?"

"Saa sita. Lakini huhitaji kungoja, Lempi. Itakwenda tu."

"Nangoja," anasema, na kuvuta kiti hadi dirishani.