Ghiliba Iliyobaki Kwenye Kaseti

Juzi, nikihamisha vitu vya mama kutoka ile fleti yetu ya Falls Church, huku ughaibuni, nilikuta kaseti ndani ya kopo la biskuti. Sikuhitaji kuisikiliza. Najua kilichomo, na najua inapokatika.

Nilikuwa na miaka tisa, mwishoni mwa miaka ya tisini, bibi alipokuja kutoka Tanga kupasuliwa moyo. Alikuja na harufu ya iliki na neno ambalo kwetu hakuna aliyelitumia. Siku moja tulinunua boksi la nyanya. Za juu nyekundu, za chini zimeoza. Akalitikisa. "Ghiliba hii, mke mwenzangu." Ndivyo alivyozoea kunitania. Nikamuuliza, kwa Kiswahili changu cha kuungaunga, kama ghiliba ni uongo.

"Uongo mtu anausema. Hapa nani kasema kitu? Wamezipanga tu."

Kila Ijumaa, baada ya chai, alirekodi kaseti ya kumpelekea dada yake Tanga. Mwisho wa kila kaseti nilisogea kwenye redio nikasema shikamoo.

Zilibaki siku kumi apasuliwe, simu ikalia. Mama alisikiliza, akaitikia "ndiyo, ndiyo," akaiweka. Jikoni alifungulia maji ili tusisikike, akanishika bega. Dada yake bibi amefariki.

"Daktari hataki ashtuke. Tutamwambia akishapona. Wewe kimya."

Baba akachomoa waya wa simu, akasema laini ni mbovu. Majirani waliokuja kutoa pole mama aliwapokea koridoni. Walilia huko, wakafuta macho, wakaingia wakicheka. Bibi aliwamiminia chai. "Leo mmekuja wengi, kuna harusi?" Wakacheka zaidi. Nikawatazama walivyojipanga kwenye makochi, nikazikumbuka zile nyanya, na kitumbua nikakirudisha sahanini.

Ijumaa ikafika. Bibi alibonyeza kitufe, akamsimulia dada yake baridi ya huku na jinsi lifti inavyomtia kizunguzungu. Kisha akanisogezea redio. "Haya, mke mwenzangu, mwamkie bibi yako."

Nikafungua mdomo. Kaseti ikazunguka. Ningemwamkiaje marehemu?

Bibi alinitazama, akaitazama ile kona ya simu, akanitazama tena. Akazima redio.

"Lini?"

"Jumatatu."

Mama alitoka jikoni mbio, macho yote kwenye kifua cha bibi, kana kwamba angeweza kuusikia moyo wake kwa mbali. Bibi aliketi, akavuta kanga kichwani, akapumua polepole, mara nyingi.

"Mmenipanga vizuri," alisema. "Lakini huyu mtoto mngemwacha."

Alipasuliwa, akapona, akarudi kwao. Hakurekodi tena. Alipofariki, lile neno nalo likanyamaza. Sisi husema tu kwamba fulani katudanganya. Ila nikikumbuka wiki ile, mapenzi yote yale na vicheko vyote vile, sipati neno lingine.

Redio ya kaseti hatuna tena. Kaseti nimeitia mkobani. Mwisho wake pana pumzi za mtoto, na shikamoo ambayo haikutoka.