Marehemu wa Madamu Hilaria

Madamu Hilaria hakuwahi kukubali kuitwa mjane. Majirani wa mtaa wa Kashaulili walimsihi akae matanga, wapi! Mume wake Venant, mtu wa Mishamo, yule ambaye mashine ya kusaga ilimkata kidole gumba, miaka mingi iliyopita aliaga anakwenda Karema kununua dagaa na akapotelea hukohuko. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Atamlilia vipi mtu ambaye huenda anakunywa chai mahali? Aliyameza maneno ya watu, akaendelea kufundisha kipindi cha dini kwa watoto Wakatoliki wa darasa la nne.

Ila tangu mwaka jana alikuwa hana amani. Jioni akisonga ugali alisikia kikohozi nje ya mlango, kilekile cha Venant cha kukwaruza. Anatoka mbio, hakuna mtu. Alijiambia huyo anarudi, yuko njiani, akawa anapika chakula cha watu wawili. Usimcheke, mapenzi ndivyo yalivyo.

Novemba ikaingia, mwezi wa kuwaombea marehemu. Hilaria aliwafundisha watoto kwamba mwenye moyo safi humwombea hata aliyemkosea, kisha kila mmoja akasimama kumtaja marehemu wake, darasa likaitikia. Yeye kila mwaka humtaja mama yake. Venant kamwe. Aliona kumtaja ni kumzika kwa mdomo wake mwenyewe.

Zamu ikafika kwa Épiphanie, mtoto mgeni aliyeletwa mjini na bibi yake kutoka Karema.

"Namwombea baba yangu, Venant."

Majina hufanana, Hilaria akajituliza. Lakini swali likamponyoka, akauliza baba alikuwa mtu wa wapi. Mtoto akasema wa Mishamo, na kwamba hakuwa na kidole gumba. Malaria ilimchukua mwaka jana. Alikuwa anakohoa sana, akaongeza, mpaka siku ya mwisho.

Jamani. Miaka yote ile mtu alikuwa mzima, anakula, analea, na siku alipokumbuka kurudi kwake alirudi akiwa mfu. Hasira ikamjia, uchungu nao ukapanda juu yake, asijue alie kwa kipi.

Danford, kiranja wa darasa, akamkumbusha kwa adabu kwamba amebaki madamu tu kumtaja marehemu wake. Watoto wakasubiri. Jina la mama lilikuwa palepale kwenye ulimi, rahisi kabisa.

"Mume wangu," akasema. "Venant, wa Mishamo."

Épiphanie akainua uso. "Madamu, huyo tumeshamwombea."

"Tumwombee tena," Hilaria akasema. "Mara hii ni wangu."

Watoto wakaitikia kwa pamoja, apumzike kwa amani, wote isipokuwa Épiphanie, aliyekuwa anamtazama mwalimu wake bila kupepesa macho.