Stabilaiza Nzito ya Mzee Gervas

Mzee Gervas wa Chamazi, mchonga vinyago aliyestaafu, alikuwa na mke mmoja na kaseti moja. Mke, Eufrazia, alishazikwa. Ilibaki kaseti aliyoimba na kwaya ya kigango, lakini kila ikiwekwa, spika zilinguruma kama nyuki walioswekwa debeni. Marehemu alikuwa humo humo, mahali fulani. Kumbukumbu ya mwaka ilikuwa Jumamosi, watu wangekuja kula pilau, na mzee alitaka wamsikie.

Chamazi kila mwenye bisibisi ni injinia. Mmoja alilaumu spika, mwingine alishauri redio iombewe, ila wote waliafikiana kwamba umeme wa huku ni mchafu, na dawa ni stabilaiza, lile sanduku la kunyoosha umeme kabla haujafika redioni.

Kariakoo muuzaji alimmwagia maneno ya volti na waranti. Hayakumwingia. Miaka yote alipokuwa akiuza vinyago vyake soko la Mwenge, aliwacheka wateja waliobeba mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu wakidhani ni mpingo. Mpingo wa kweli huujua mkononi: mzito. Basi akanyanyua stabilaiza moja baada ya nyingine, akazigonga kwa ukucha, akazinusa. Iliyotaka kumvunja kiuno ndiyo aliyoichukua.

"Hii ina moyo," alisema.

Ilikuwa nao kweli, tena moyo wa mlokole. Umeme ukiteleza kidogo tu, ta, taa nyekundu, redio kimya. Ijumaa kutwa Eufrazia alifika "Bwana u..." akakatwa. Bwana u nini, hakuna aliyejua.

Binti yake Monica ndiye aliyegundua kwamba ilikata kila friza ya Hamida, jirani yao, ilipoanza kuunguruma. Friza hiyo ya barafu za ukwaju ilikula umeme wa Gervas kwa waya uliopita juu ya ukuta. Eufrazia ndiye aliyeuruhusu, mwaka ambao mume wa Hamida aliaga anakwenda kununua vocha na hajarudi hadi leo. Monica akataka waya uchomolewe. Mzee akagoma: sadaka ameitoa marehemu, yeye ni nani wa kuinyang'anya?

Jumamosi, baada ya sala na pilau, akabonyeza. "Bwana u..." Ta. Wageni wakainamia sahani. Hamida, aliyekaa mkekani na kina mama, akauliza kulikoni, na mzee akasingizia kaseti. Monica akamtazama baba yake, akashindwa kuvumilia.

"Ni friza yako, ma'mdogo."

Hamida akainuka, akatoka, akachomoa waya, akarudi.

"Mzee wangu, ndo unanificha hilo? Barafu ni maji tu, yataganda tena. Weka."

Taa ikawa ya kijani. Eufrazia akatoka safi kabisa, na hapo ndipo ilipofahamika mngurumo ulikuwa ukimsitiri nini. Kila ubeti aliingia kabla ya kwaya, peke yake, juu ya wenzake, kwa uhakika wa mtu anayejua kwamba waliokosea ni wao. Monica akajiziba mdomo. Hamida akajifunika kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Gervas alikuwa ameegemeza sikio kwenye spika, macho yamemlowa.

"Ndiye huyo," alisema. "Alikuwaga hasubiri mtu."

Ubeti ulipoisha, akairudisha kaseti mwanzo.