Siku Mama Alipotaka Kumlisha Bi Zuhura Mchana wa Ramadhani

Kama ulikuwa mtoto Ngoingwa, pale Thika, wakati ule mahindi bado yanapandwa kati ya nyumba na nyumba, huhitaji kuelezwa baridi yetu ya Agosti. Ukungu ulikuwa unashuka mpaka kwenye kamba ya nguo. Tulikuwa tunavaa sweta za shule likizo nzima, na michezo tuliyoipenda ni ile ya kuchemsha damu: kati ya kukwepa mpira, blada ya kuruka kamba, na kufukuza tairi kwenye mteremko mpaka mtu achubuke goti. Ukirudi nyumbani unanuka moshi na majani, unapewa kikombe cha chai moto na kipande cha nduma, na ole wako useme umeshiba. Mama alikuwa na neno lake moja, na alilirudia kama amri ya kumi na moja: "Anayekataa chakula amekataa mtu."

Mombasa kwetu ilikuwa ni hadithi. Kulikuwa na watoto wa jirani waliopelekwa huko likizo, na wakirudi walikuwa weusi kidogo na wenye maringo mengi. Wanakuwekea kombe sikioni, eti sikia bahari. Mimi nilisikia. Mpaka leo sijui nilisikia nini, lakini usiku ule niliota maji ya bluu, na tangu hapo nikawa mtu wa kuota tu.

Basi likizo moja ya Agosti kina mama wa kanisa letu wakakodi basi la kwenda Mombasa. Wazo lilikuwa la Mama. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wenzake kwamba si lazima mtu afe bila kuona bahari, na wao walimcheka mpaka wakakubali. Tulipofika asubuhi, tuliposhuka tu, joto lilitupiga usoni kama mtu amefungua sufuria. Na sisi tulikuwa na sweta. Shosho mmoja, nyanya wa kanisani, alikataa kabisa kuvua yake, akasema baridi ina ujanja, inaweza kuwa imejificha mahali.

Tukapelekwa kutembea Mji wa Kale. Nakumbuka milango ile mikubwa iliyochongwa maua, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, harufu ya udi ikitoka dirishani. Nilikuwa nageuza shingo kama kuku. Halafu saa sita ikafika, na kwa kina mama wa Thika saa sita ni saa ya kula. Tukakaa kwenye baraza za watu, vile viti vya saruji vya nje ya nyumba, vikapu vikafunguliwa. Mukimo ukatoka, ule wetu wa viazi na mahindi ya kupondwa, mayai ya kuchemsha, chai ya chupa. Tukaanza kula, tunaongea kwa sauti, maganda ya mayai miguuni.

Kwenye kizingiti cha nyumba ya pili alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, amejitanda leso, anachagua mchele kwenye ungo. Baadaye tulijua anaitwa Bi Zuhura. Alikuwa anapiga miayo. Midomo yake ilikuwa imekauka. Mama alimwangalia, akaacha kutafuna.

"Ngai, huyu mama ana njaa," akasema. "Anachagua mchele na tumbo tupu."

Akapakua mukimo mlima mzima, akaupeleka.

"Mama, karibu. Kula."

"Ahsante, dada," Bi Zuhura akasema kwa upole. "Sitakula sasa."

Ukimwambia hivyo mtu wa kwetu, anajua unaona haya. Hiyo ni adabu tu ya mgeni, na kazi ya mwenye chakula ni kuivunja. "Aii, usinionee aibu! Hata kidogo tu!"

"Nakushukuru sana, dada yangu."

"Basi kimoja. Kimoja tu, nisikie vizuri." Na Mama, mbele ya mtaa mzima, akachota kijiko, akakipeleka mdomoni mwa yule mama vile alivyokuwa akinilisha mimi nikiwa na homa.

Ndipo dereva wetu alipopiga kelele kutoka kwa kona. "Mama Ciku! Wacha! Watu wamefunga! Si ni Ramadhani!"

Kijiko kikabaki hewani. Mimi nikaangalia huku na kule, na kwa mara ya kwanza nikaona mtaa vizuri. Hakukuwa na mtu mwingine hata mmoja anayetafuna. Kibanda cha chai kilikuwa kimefungwa. Watoto wadogo walikuwa wamesimama wanatutazama tu. Sisi peke yetu, kundi la watu wenye sweta, mashavu yamejaa, kwenye baraza za wenyewe. Kwetu Ramadhani ilikuwa habari ya redio, yaani siku ya Idd wakitangaza mapumziko. Hakuna aliyefikiria kwamba ni watu, tena watu wenye kiu.

Nilikuwa na yai mdomoni. Sikujua nimeze au niteme.

Wenzake Mama wakaanza kucheka ile ya kuziba mdomo. "Haiya, Mama Ciku! Umekuja mbali hivi kumwangusha mtu dhambini na kijiko?" Mama akainama. Alikusanya maganda ya mayai moja moja. Bi Zuhura akasimama, akasema hamna neno, hakujua huyu, na kwamba tuje sote magharibi tufuturu naye. "Wewe dada hasa," akamwambia Mama. Mama akaitikia kwa kichwa akiangalia chini.

Jioni hakwenda. Tulikuwa tumefikia nyumba ya wageni mitaa michache kutoka pale, na wenzake wote walioga, wakapaka mafuta. Yeye akakaa kitandani. "Nitamwangalia na macho gani? Tena nina mikono mitupu, mukimo umechacha. Mwambieni naumwa na kichwa." Nilitaka kumkumbusha lile neno lake la chakula na mtu, lakini nilivyoona uso wake nikanyamaza. Nikaogopa kwamba atapanda basi kesho bila hata kuiona bahari, kwa sababu tayari alikuwa ameanza kufunga mizigo.

Mimi nikafuatana na wenzake. Kwa Bi Zuhura adhana ilipolia, alikula tende moja, akanywa maji, halafu akanigeukia. "Mamako yu wapi?"

"Anaumwa na kichwa."

Alinitazama kidogo. Akapanga sinia: muhogo wa nazi, mbaazi, kaimati zinazong'aa kwa shira. Akaifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukindu. "Haya mwanangu, nipeleke kwa mwenye kichwa."

Mama aliposikia sauti yake kwa korido, akakimbilia bafuni akajifungia. Kweli kabisa. Mtu mzima, mwenyekiti wa kina mama. Bi Zuhura akaweka sinia chini, akakaa sakafuni, akaongea na mlango.

"Dada, toka."

Bomba linadondoka.

"Mimi nikija huko kwenu bara nitakosea makubwa kuliko hayo."

Akagonga kwa kidole.

"Basi jua hivi. Mimi nimekula tende moja tangu alfajiri, na chakula changu ndicho hiki. Usipotoka, sili."

Tulisubiri. Halafu komeo likalia. Mama alikuwa anaweza kuvumilia mengi, lakini mtu kukaa na njaa mlangoni kwake, hapana. Alitoka macho mekundu, akakaa sakafuni, wakala pamoja. Hakuinua uso hata mara moja, na Bi Zuhura hakumlazimisha. Alikuwa anamsogezea tu kaimati, moja, halafu nyingine.

Kesho yake Mama alienda baharini. Aliingiza miguu mpaka vifundoni, ameshika sketi, akasimama hapo muda mrefu.

Siku hizi vijana wanaenda Mombasa kama wanaenda Ruiru hapo jirani. Na mimi ni kijana, lakini nikiwasikia hawa wadogo najihisi shosho. Binamu yangu alirudi juzi na video, yuko kwenye vichochoro vile vile, mchana wa Ramadhani, anakula aiskrimu akipunga mkono. Nikamuuliza hakuona haya. "Haya ya nini? Si ni njia ya watu wote?" Nikawaza, kama Mama angeinua kijiko kile leo, mtu angemrekodi, na nchi nzima ingekuwa imemcheka kabla mukimo haujapoa. Enzi zile aibu yake ilikaa kwenye mtaa mmoja, na mtaa ukaifunika.

Nilimwonyesha Mama ile video. Aliitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Na hakuna mtu alimkaribisha?" akauliza.

Nikamwambia hakuna.

"Maskini," akasema. "Ameenda bure."